Kabla Hujaweka Shamba Rehani: Mkopeshaji Naye Aoneshe Karatasi Zake
Hotuba kwa wakulima, wafanyabiashara na vikundi vya akiba, iliyotolewa mjini Same



 Wapo walioteremka asubuhi kutoka Mamba, Vudee, Mbaga na Chome, na wapo waliotoka tambarare ya Ndungu, Kihurio, Makanya na Hedaru. Nimeombwa nizungumze juu ya leseni: nani anaruhusiwa kukopesha fedha katika nchi yetu, anatakiwa kutimiza masharti gani kabla ya kukopesha, na sisi tunaokopa tunawezaje kumtambua. Ni jambo linaloonekana la maofisini, lakini mwisho wake uko shambani. Mkulima wa tangawizi, mpunga au mahindi anapotaka fedha ya pembejeo au ada, mara nyingi dhamana aliyonayo ni moja tu, nayo ni ardhi. Na ardhi ya milimani kwetu haina pacha. Ndipo walipolala wazazi, ndipo ulipo mfereji wa maji, na ndipo watoto watakaporudi.

Niruhusuni nianze na habari ya nyumbani kwetu, maana ndiyo iliyonifundisha somo hili kabla ya kitabu chochote.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita marehemu baba yangu alihitaji ada ya kaka yangu. Akamwendea mtu mmoja aliyejulikana pale kijijini kuwa hukopesha. Mtu huyo hakukataa. Alitoa karatasi iliyokwisha kuandikwa, baba akaweka dole gumba, akapokea fedha. Hakuna aliyemsomea ile karatasi. Baba alilipa kidogo kidogo kwa misimu miwili ya kahawa, na siku alipopeleka salio la mwisho aliambiwa maneno ambayo mama aliyakumbuka hadi uzee wake: "Deni gani, mzee? Mimi nilinunua." Juu ya karatasi ile palikuwa pameandikwa Hati ya Mauziano, na bei ya shamba lenye nyumba yetu ilikuwa ile ile fedha ya ada.

Shamba lilirudi, lakini baada ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka mlima kwenda kwenye mabaraza. Lilirudi kwa sababu mbili: mama hakushirikishwa katika kuitoa nyumba aliyokuwa akiishi, na serikali ya kijiji haikujua habari ya mauziano yale. Mibuni hatukuikuta. Ilikuwa imekwisha kung'olewa.

Nimesimulia haya si kwa ajili ya kumlaumu mtu aliyekwisha kufa. Nimesimulia kwa sababu baba yangu aliulizwa maswali yote: jina lake, mipaka yake, majirani zake, watoto wake. Yeye hakumuuliza yule bwana hata swali moja. Nasi leo tujifunze kuuliza.

Nani anaruhusiwa kukopesha?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na kanuni zake za mwaka 2019, imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la Kwanza ni wale wanaopokea amana za wananchi, kama vile benki za huduma ndogo za fedha. Daraja la Pili ni wale wanaokopesha bila kupokea amana: kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha kama biashara. Daraja la Tatu ni SACCOS. Daraja la Nne ni vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, kama VICOBA.

Mwenye mamlaka juu ya madaraja yote ni Benki Kuu ya Tanzania. Leseni za Daraja la Kwanza na la Pili hutolewa na Benki Kuu yenyewe. Leseni za SACCOS hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka iliyokasimiwa, na vikundi vya kijamii husajiliwa na halmashauri kwa utaratibu huo huo wa kukasimiwa. Benki za biashara, ambazo ndizo hasa zinazotoa mikopo mikubwa ya nyumba ya kulipwa kwa miaka mingi, zinapewa leseni na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006.

Kwa hiyo jirani anayekukopesha debe la mahindi hadi mavuno havunji sheria. Lakini mtu aliyefungua ofisi, akabandika tangazo la mikopo, akatoza riba na kushika hati za watu, huyo anafanya biashara inayohitaji leseni. Kuifanya bila leseni ni kosa la jinai, hata kama ni mtu mpole, hata kama ni ndugu yetu, hata kama husali mstari wa mbele.

Masharti ya kupata leseni

Wapo vijana hapa wanaotaka kuifanya kazi hii kwa haki. Sina neno la kuwakatisha tamaa. Mkopeshaji mwaminifu ni msaada mkubwa kwa mji kama huu. Wasikilize masharti, na wanaokopa nao wasikilize, maana kila sharti ni kinga ya mkopaji.

La kwanza ni kuwa na sura inayotambulika kisheria. Kampuni husajiliwa na BRELA na kupata namba ya mlipakodi kutoka TRA. Anayeomba kama mtu binafsi naye hujitambulisha kwa vitambulisho na namba ya mlipakodi. Faida yake kwako mkopaji ni kwamba siku ya ugomvi utajua nani wa kumshitaki.

La pili ni mtaji. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kiwango cha chini cha shilingi milioni 20 kwa Daraja la Pili, na mwombaji hueleza fedha hizo zimetoka wapi. Sharti hili linazuia fedha chafu kuingia mjini kwa sura ya mikopo, na linamzuia mtu kukopesha kwa fedha aliyokusanya kwa majirani kama akiba. Anayeomba leseni ya Daraja la Pili akumbuke kwamba haruhusiwi kupokea amana. Akikwambia, "Niwekee fedha zako hapa zizae," amekwisha kutoka nje ya leseni yake.

La tatu ni sifa za watu. Benki Kuu hutaka kujua wamiliki na waendeshaji ni akina nani, wana elimu na uzoefu gani, na mwenendo wao ukoje.

La nne ni sera ya mikopo iliyoandikwa: namna ya kupima uwezo wa mkopaji, riba inavyokokotolewa, dhamana inavyopokelewa, na deni linavyofuatiliwa likichelewa. Pamoja nayo huenda mpango wa biashara.

Baada ya hayo maombi hupelekwa Benki Kuu. Tawi lake la karibu nasi lipo Arusha. Mwombaji akubaliwe kwanza ndipo afungue dirisha. Asifungue dirisha kisha akangoja kukubaliwa.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyika. Ukutani mwa ofisi utaona karatasi nyingi zenye mihuri. Cheti cha BRELA kinasema kwamba kampuni ipo. Cheti cha TRA kinasema kwamba inatambulika kwa kodi. Leseni ya biashara inahusu ruhusa ya kufanya biashara katika eneo fulani. Zote ni karatasi halali, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba mtu huyu ameruhusiwa kukopesha. Neno hilo husemwa na leseni ya Benki Kuu, au ya aliyekasimiwa nayo. Ukioneshwa nyingine, shukuru kwa adabu, kisha uliza tena. Na kama huridhiki na uliyooneshwa, Benki Kuu huchapisha katika tovuti yake orodha ya watoa huduma wenye leseni. Kijana mmoja mwenye simu anaweza kuisomea familia nzima.

Simu nayo ina hatari zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Mkopeshaji wa kwenye simu yuko chini ya sheria ile ile. Kutokuwa na ofisi hakumwondolei wajibu wa leseni.

Afisa mikopo na dalali

Mtaniuliza: je, yule afisa mikopo anayekuja na pikipiki hadi kijijini naye ana leseni? Kwetu leseni hupewa taasisi au mtu anayekopesha. Afisa ni mwajiriwa, naye hutembea kwa mamlaka ya mwajiri wake. Kwa hiyo muulize mambo mawili: kitambulisho cha kazi, na leseni ya aliyemtuma. Kisha piga simu ofisini au nenda mwenyewe kuthibitisha.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Marekani, mwaka 2008, wakati maelfu ya familia zilipokuwa zikipoteza nyumba kwa mikopo ambayo hazikuelezwa vizuri, ilitungwa sheria ya kumtaka kila mtu anayepokea maombi ya mikopo ya nyumba na kujadili masharti yake, ikiwa si mwajiriwa wa benki, awe na leseni yake binafsi. Kabla ya kuipata husoma angalau saa 20, hufanya mtihani, hutoa alama za vidole ili rekodi yake ya uhalifu ichunguzwe, na historia yake ya madeni hutazamwa. Walio waajiriwa wa benki nao huandikishwa kwa majina. Nchi tajiri kama ile iliona kwamba kuichunguza kampuni peke yake hakutoshi. Anayeketi mezani na mkopaji naye achunguzwe. Kwetu sharti hilo la mtu mmoja mmoja halipo, kwa hiyo sehemu ya uchunguzi imebaki mikononi mwetu wenyewe.

Dalali ni mtu mwingine kabisa. Yeye hakopeshi, anakupeleka kwa mkopeshaji ili apate chochote. Usimpe dalali hati yako ya ardhi. Usimpe fedha ya "kufungua faili". Na usimpe mtu yeyote, awe dalali au mkopeshaji, kadi yako ya benki na namba ya siri.

Riba ihesabiwe mbele ya macho yako

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo aghalabu huanza na hesabu ambayo haikufanywa siku ya harusi.

Kwa wakopeshaji wa Daraja la Pili, Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuchukue mfano. Mama amekopa shilingi 2,000,000 kwa miezi sita kununulia mbegu za tangawizi. Riba ya asilimia 3.5 ikitozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa awali, atalipa riba ya shilingi 70,000 kwa mwezi, yaani shilingi 420,000 kwa miezi yote sita. Lakini akirejesha mtaji kwa mafungu sita yaliyo sawa, na riba ikakokotolewa juu ya salio linalopungua, riba yote itakuwa shilingi 245,000. Asilimia ni ile ile. Tofauti ni shilingi 175,000. Kwa hiyo usiishie kuuliza, "Riba asilimia ngapi?" Uliza pia, "Asilimia hiyo ni ya mkopo wote au ya salio?"

Sasa mlinganishe na mkopo ambao mitaani tumeupa jina lake la haki, kausha damu. Tuseme mkopeshaji anatoza asilimia 20 kwa mwezi juu ya shilingi 2,000,000 zile zile. Kila mwezi ni shilingi 400,000 za riba tu. Kwa miezi sita ni shilingi 2,400,000, na mtaji bado haujaguswa. Mama huyo atauza tangawizi yote, na bado atadaiwa shilingi milioni mbili alizoanza nazo.

Kabla ya kutia sahihi mwambie mkopeshaji aandike kwenye karatasi moja: fedha nitakayopokea mkononi, ada zote zitakazokatwa, kila rejesho na tarehe yake, na jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa na kupewa nakala ya mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila nakala ni hivyo hivyo.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani, wakapiga kambi hapa hapa Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kama wao waliweza kukataa makadirio ya serikali ya kikoloni, mjukuu wao asione haya kumwambia mkopeshaji, "Nihesabie tena, taratibu."

Rehani si mauziano

Nafika kwenye jambo lililoipata nyumba yetu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema kwamba rehani ni dhamana tu. Haihamishi umiliki wa ardhi kwenda kwa mkopeshaji. Anayeweka rehani anabaki kuwa mwenye shamba. Analima, anavuna, na akimaliza deni rehani hufutwa na hati yake hurudi. Kwa hiyo mkopeshaji anayekuandikia hati ya mauziano huku akisema ni ya mkopo anakuandikia jambo ambalo siyo mlilokubaliana. Usiitie sahihi, hata akisema ni "utaratibu wa ofisi tu". Kama ni mkopo, karatasi iseme mkopo. Kama ni rehani, iseme rehani.

Mke au mume naye lazima awemo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inataka nyaraka za rehani ya nyumba ya ndoa zioneshe ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Marekebisho yaliyofanywa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 yamemtaka mwombaji aeleze kama ana mwenzi, na yamemtaka mkopeshaji achunguze ukweli wa maelezo hayo. Mume anayeapa kwamba hana mke ili apate mkopo anatenda kosa la jinai. Akina mama, mkiletewa karatasi ya kutia sahihi usiku wakati chakula kiko jikoni, ngojeni kupambazuke, ikasomwe mbele ya mtu mnayemwamini.

Ardhi yetu nyingi ni ya vijiji, nayo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila ana haki ya kweli, na hati hiyo huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Kabla ya kuitoa kama dhamana, nenda kwenye masjala, hakikisha jina, mipaka na ukubwa ni sawa, na serikali ya kijiji ijue. Ardhi ya ukoo isiwekwe na mtu mmoja kana kwamba ni yake peke yake. Familia ikae, ikubaliane, na iandike.

Deni likichelewa

Mvua hukata. Bei huanguka. Mwaminifu naye huchelewa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kuchelewa hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kuja alfajiri na vijana wa kung'oa mabati.

Kwa rehani ya ardhi sheria imeweka hatua. Kwanza mkopeshaji hukupa notisi ya maandishi inayoeleza umeshindwa wapi na unatakiwa ufanye nini. Zipite siku 60 tangu uipokee, ndipo deni lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo na haki ya kuuza ikaanza kutumika. Ardhi ikiuzwa kwa mnada, tangazo kwa umma litolewe si chini ya siku 14 kabla ya mnada. Anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Ikiwa mashamba ya namna hiyo huuzwa kwa wastani wa shilingi milioni 8, na lako likauzwa kwa milioni 6 au pungufu, yaani robo nzima chini ya bei ya soko, sheria huanza kwa kumdhania muuzaji kuwa amekiuka wajibu huo. Na deni likiisha kulipwa pamoja na gharama halali, fedha inayobaki si ya mkopeshaji.

Msikilize sana neno linalofuata. Aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria. Kwa hiyo anayeamini kwamba ameonewa asingoje nyundo ya dalali igonge. Siku unapopokea notisi ndiyo siku ya kuanza kutembea. Nenda kwa mkopeshaji uombe kupangiwa upya marejesho, na ombi hilo liwe kwa maandishi. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Benki Kuu, maana mkopeshaji mwenye leseni ana wa kumhoji. Na kama shamba linakaribia kuuzwa kinyume cha utaratibu, fika mapema kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani, ukiwa na nakala zako zote. Kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuwaelekeza.

Hapo ndipo thamani ya leseni inapoonekana. Waliokopa kwa mtu asiye na leseni huja kwetu na machozi yale yale kama wengine, lakini mikononi hawana mkataba, hawana risiti, na mkopeshaji amebadilisha namba ya simu. Leseni haimfanyi mtu kuwa mwema. Inamfanya awe na kitu cha kupoteza akitenda vibaya.

Mwisho

Ndugu zangu, nyote mnaijua ndiva. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Hakuna mpita njia anayeruhusiwa kuigusa. Mfunguaji anajulikana, zamu inajulikana, na akikosea anaulizwa na wote. Fedha ya mkopo nayo iwe hivyo. Aliye na ruhusa ya kufungua ajulikane, kipimo kijulikane, na tuwe na pa kumuuliza.

Nawaomba mchukue maswali haya saba, myabandike ukutani mwa ofisi za vijiji na kwenye sanduku la kila kikundi.

1. Una leseni ya kukopesha kutoka Benki Kuu, au kutoka kwa aliyekasimiwa nayo, na jina lililomo ni lako?

2. Wewe ni mkopeshaji mwenyewe, mwajiriwa wake, au dalali?

3. Nitapokea kiasi gani mkononi baada ya makato yote?

4. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio?

5. Nitakuwa nimelipa jumla gani siku ya mwisho?

6. Karatasi hii inasema mkopo na rehani, au inasema mauziano?

7. Mwenzi wangu, familia yangu na serikali ya kijiji wameiona?

Anayekopesha kwa haki hatachukizwa na maswali haya. Atavuta kiti ayajibu. Anayekasirika amekwisha kukujibu. Beba hati yako, muage kwa heshima, urudi nyumbani nayo.